Mradi wa vifaa tiba uanzie wodini

Ndugu, umeuliza iwapo mwanafunzi wa uhandisi anaweza kubuni kifaa tiba bila maabara ya gharama kubwa. Anaweza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, walianza na pampu za matangi ya samaki wa mapambo, wakapata mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua, ambayo ilipojaribiwa Blantyre, Malawi, asilimia 71 ya walioitumia walinusurika, ilhali kwa waliopewa oksijeni pekee ilikuwa asilimia 44. Cha kwanza ni kulijua tatizo, si kuwa na vifaa ghali; kwa hiyo, kabla ya kununua vihisi, yaani vipuri vya kupima vitu kama joto (kosa nililolifanya mimi), omba ruhusa ya kukaa na wauguzi wodini, uone mashine zipi zimetelekezwa na kwa nini. Usimfungie mgonjwa kifaa chako kabla kamati ya maadili ya utafiti haijakupa kibali.