Mwanangu, Umeniuliza Mwenye Kosa ni Nani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa usingizi ulioukosa. Unasema hatimaye umeitazama A Separation, ile filamu ya Iran niliyokusumbua nayo tangu mwaka jana, hukuona bunduki wala jini, na bado tumbo lilikukaza mpaka mwisho. Sasa unauliza: "Baba, unapata raha gani pale? Na mwenye kosa hasa ni nani?"

Raha yangu ya kwanza ni kwamba mwongozaji wake, Asghar Farhadi, hakutishi kwa muziki. Hakuna ngoma inayokuambia ogopa sasa. Ni milango inabamizwa na watu wanakatana kauli, basi. Wala hakuna mtu mbaya katika nyumba ile ya Tehran. Simin anataka wahame nchi kwa ajili ya binti yao Termeh. Nader, mumewe, hawezi kumwacha baba yake aliyepoteza kumbukumbu, basi mke anaomba talaka. Mke anamwambia mumewe: mzee hata hajui kama wewe ni mwanawe. Mume anajibu kwamba yeye anajua yule ni baba yake. Nani utampinga hapo? Na umeona walivyokaa pale mbele ya hakimu? Wanatutazama sisi, hakimu tunamsikia sauti tu. Kiti chake umekalishwa wewe, tena bila kuulizwa.

Halafu ushahidi unapita mbele ya macho yako. Rudia pale mwanzoni, wapagazi wanapogombea malipo ya ghorofa ya ziada kwa kushusha piano. Simin anachukua hela droo ya ndani, anawalipa, yamekwisha. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Baadaye Nader anarudi nyumbani, anamkuta mzee kaanguka sakafuni, mkono umefungwa kitandani, na hela zimepungua. Anamwita mwizi Razieh, dada wa kazi, na kumsukuma nje ya mlango. Mimba ya Razieh inaharibika, kesi inakuwa ya kuua. Na jibu la zile hela ulikuwa nalo wewe muda wote!

Ila kinachonirudisha kwenye filamu hii ni wale watoto wawili. Mzee anapojichafua, Razieh anapiga simu kwanza kuuliza kama ni dhambi kumbadilisha nguo mwanamume asiye mahramu wake. Binti yake mdogo, aliyekuwa anatazama yote, anamwambia mama yake kwamba hatamwambia baba. Mtoto wa umri ule keshajua kufunga mdomo! Na Termeh, yule ambaye baba yake alimrudisha kituo cha mafuta akadai chenji yake kwa kuwa ni haki yake, ndiye anayekuja kusema uongo mbele ya hakimu ili baba huyo huyo asifungwe. Mtazame akiwa ndani ya gari baada ya pale. Hasemi neno.

Sehemu ya kiapo sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Diya, yaani fidia ya mimba iliyoharibika, imekubaliwa, wadai wa mume wa Razieh wamekaa sebuleni wanasubiri chao, hundi zinaandikwa. Nader anataka kitu kimoja tu, Razieh aape kwa msahafu kwamba ni yeye Nader aliyesababisha mimba kuharibika. Mama wa watu hawezi. Siku moja kabla alikuwa amegongwa na gari barabarani akimfuata mzee aliyetoroka nyumbani, na ana shaka. Hela anaihitaji kuliko mtu yeyote mle ndani, lakini anaogopa ya haramu isije ikamdhuru mwanawe. Farhadi alikata picha pale pale barabarani, hukuoneshwa ajali. Ndiyo maana ulihukumu mapema.

Ukinibana, mimi nasema mkosa ni Nader, na si kwa kule kusukuma. Ni kwa kuuachia mzigo wake uangukie kichwani mwa mtoto. Mama yako hataki kusikia hili. Anasema Simin ndiye aliyeanza kwa kufungasha virago, angekuwepo nyumbani wala dada wa kazi asingehitajika. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Waliompa Farhadi Dubu la Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Berlin, mwaka 2011, na Oscar mwaka uliofuata, ya kwanza kwa filamu ya Iran, hawakukosea. Ila tuzo hazinihusu sana.

Na lile la mwisho, hakimu anapomtaka Termeh achague kuishi na baba au mama na sisi hatusikii jibu, mimi naona kamchagua mama. Nguo zao nyeusi pale mwisho zinadokeza kwamba mzee keshafariki, yaani sababu ya baba kubaki haipo tena, na bado hawajarudiana. Binti ameliona hilo. Wewe kama unaona vingine, niambie, ila uje na hoja.

Ukipata nafasi tafuta About Elly ya 2009, ni ya Farhadi pia. Usiianze usiku, una kazi asubuhi. Mama yako anakusalimu, anasubiri kusikia uko upande wa nani.

Babako