Gobore Colorado: darubini iache nyumbani

Kaka, umeuliza kama unaweza kufunga darubini kwenye gobore lako ukawinde elki, wale kulungu wakubwa wa Colorado, jimbo la Marekani, na unaona sheria inawaonea wenye macho mabovu. Jibu ni hapana, msimu wa magobore kule darubini marufuku, unalenga kwa macho yako tu, baruti iwe ya kumimina sio vidonge, risasi isivae lile koti la plastiki linaloishika ndani ya mtutu, halafu kwa elki tundu la mtutu lisipungue nusu inchi. Mi naitetea hii sheria kabisa. Msimu wenyewe Septemba, madume wanalia wanatafuta majike, akili haipo, sasa na darubini juu mnyama atapona wapi? Jimbo la Pennsylvania ndo wakali zaidi, ule msimu wa baada ya Krismasi wanataka gumegume, ile inayowasha baruti kwa cheche za jiwe, hata kifuniko cha fataki cha kuwashia hawataki. We fanya mazoezi ya mita 60, 70 hivi, na uchore alama kwenye ufito wa kushindilia ujue risasi imekaa juu ya baruti bila pengo, manake pengo linaweza kupasua mtutu usoni kwako. Nguo ya chungwa au pinki inayowaka nayo Colorado ni lazima.