"Habari za shule?" "Mbaya." Je, ni kosa la Kiswahili?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mtoto wa dada yangu ana miaka tisa, ana usonji (autism). Bibi yake akimuuliza "habari za shule?" anajibu "mbaya, darasani kulikuwa na kelele". Bibi anakasirika, eti mtoto hajui Kiswahili. Ni kosa kweli?

JIBU: Marahaba. Kisarufi dogo yuko sawa kabisa, habari nzuri, habari mbaya, upatanisho umekaa vizuri, hakuna pa kusahihisha. Kinachomkera bibi ni desturi, maana sisi ukiulizwa habari unasema nzuri hata kama jana umetoka kulazwa, halafu ndo unaleta "ila" yako: nzuri, ila mguu unanisumbua. Yani ile "nzuri" haielezi hali, inapokea salamu tu, na hakuna mwalimu aliyekufundisha hilo, ulilidaka mwenyewe ukiwa mdogo.

Eneo hili wanaisimu wanaliita pragmatiki, nani anaongea na nani na anakusudia nini nyuma ya maneno, na hapo ndipo wengi wenye usonji wanapokwama hata kama msamiati wanao tele. Umemuuliza habari, kakupa habari.

Zamani lawama zote za kutoelewana walibebeshwa wenye usonji. Mwaka 1985 kule London, mwanasaikolojia Simon Baron-Cohen na wenzake walitumia wanasesere wawili, mmoja anaweka gololi kwenye kikapu anatoka, mwenzake anaihamishia kwenye boksi, sasa yule wa kwanza akirudi ataitafuta wapi? Kwenye kikapu, maana hakuona ikihamishwa. Watoto 16 kati ya 20 wenye usonji wakaonyesha kwenye boksi, ikasemwa basi hawawezi kujua mwenzao anawaza nini. Mi naona ilikuwa haraka mno, wanne walipatia, wale tunawaweka wapi? Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti Mwingereza ambaye mwenyewe ana usonji, akaja na hoja kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili, na sie tusio na usonji tunashindwa kuwasoma wao vilevile. Bibi naye hajamsoma mjukuu hapo, kaambiwa kelele zinamtesa mtoto, yeye kasikia utovu wa adabu.

Shikamoo sidhani kama inamsumbua, jibu lake ni moja tu. Basi mwelezeni wazi kwamba "habari" ya mlangoni nayo ni salamu, aseme "nzuri, ila leo kulikuwa na kelele", na bibi akitaka kujua ya shule kweli amuulize moja kwa moja, leo nani alipiga kelele?