Rubani anaongea na nani huko juu?

SWALI: Shkamoo Mjomba. Juzijuzi nilitoka hapa Dodoma na kandege kadogo kwenda kazini porini upande wa Ruaha, abiria tulikuwa wanne tu na mimi nikawekwa mbele pembeni ya rubani. Tulipokaribia kutua nikamsikia anataja jina la kiwanja, urefu tuliopo, mara sijui "dauniwindi", anarudia tena na tena na hakuna hata mtu mmoja anayemjibu. Pale chini hakuna mnara wala nini, ni njia ya vumbi, kibanda na swala. Alikuwa anaongea na nani? Na zikija ndege mbili kwa pamoja nani anazipanga?
Mama wa Kisasa, Dodoma

JIBU: Marahaba mama. Alikuwa anaongea na yeyote aliyeko hewani karibu na pale, na ule ukimya ndio jibu alilokuwa analitafuta, ingawa ukimya nao wa kuuamini nusu nusu maana mwingine redio yake mbovu na mwingine kasahau kubadili masafa. Hapa mjini uwanjani kuna waongozaji, lakini kwenye viwanja vya porini marubani wanajipanga wenyewe, kwa mdomo na kwa macho.

Ichukulie kama kipilefti. Anayekuja kutua haendi moja kwa moja, anaingia kwenye mzunguko, kwa kawaida futi kama 1,000 juu ya ardhi, anapita sambamba na njia ya kurukia upepo ukimsukuma mgongoni (hiyo ndio dauniwindi yako), anakata kushoto, anakata tena kushoto, halafu ananyooka kutua akiukabili upepo. Kushoto kwa sababu kapteni anakaa kushoto na anataka akione kiwanja. Kwa hiyo ukisikia mtu kasema dauniwindi unajua pa kumtafuta.

Watu wengi wanadhani ndege zinagongana mawinguni. Ndege ndogo mara nyingi zinagongana mchana kweupe, karibu na kiwanja, kwa sababu ndipo zote zinapokusanyika kama daladala stendi. Kinachonitisha mimi ni mabawa. Chukua aina mbili za ndege ndogo, Cessna nyingi bawa liko juu ya kioo, Piper nyingi bawa liko chini, sasa Piper ikiwa juu na Cessna chini yake, zote zinashuka kutua, kila mmoja bawa lake mwenyewe limemfichia mwenzake na wote wanaona anga nyeupe kabisa.

Halafu ndege ya kuogopa ni ile isiyosogea kwenye kioo. Inayosogea inakupita, ila hiyo nyingine unaiona kama nzi katulia palepale, hakui hakui, mara kajaa kioo kizima. Wakubwa wa anga Marekani wanahesabu kama sekunde 12.5 tangu jicho lione mpaka ndege igeuke kweli, na ndege mbili zinazokuja uso kwa uso kila moja kilomita 185 kwa saa zinakula karibu kilomita 1.3 ndani ya muda huo.

Mnara nao sio kinga kamili. Machi 5, 2024 Nairobi, ndege mbili zilizotokea uwanja wa Wilson ambako mnara wa waongozaji upo ziligongana, Cessna 172 ya mafunzo na ndege ya abiria Dash 8 yenye watu 44. Wawili wa kwenye Cessna walikufa, Dash 8 ikarudi salama.

Siku nyingine ukikaa mbele acha stori mkikaribia kutua na wewe uangalie nje. Ukiona ndege nyoosha kidole, usiseme "iko saa tatu", kwa sababu marubani wanataja upande kwa saa ya Kizungu, mbele ni kumi na mbili na tatu yake ni mkono wa kulia, wakati saa tatu yetu mshale uko kushoto, utamtuma aangalie kusikokuwa na kitu.

SWALI: Sasa huko juu nani anampisha nani?
Bodaboda, Nkuhungu

JIBU: Barabarani tunapita kushoto lakini angani mkikutana uso kwa uso kila mmoja anakata kulia. Njia zikikutana kama msalaba, anayemuona mwenzake upande wake wa kulia ndio anapisha. Kwenye kutua aliye chini zaidi hewani ndio anatangulia, ila haruhusiwi kujishusha makusudi ili amchomekee mwenzake, na hapo nyie bodaboda mngefeli wote.