Waniuliza, Nakujibu: Pesa Iliyorudi, Kazi Iliyokwenda na Sauti ya Mjukuu

Nilianza na simu ya jamii pale Mwembe Tayari, kibanda cha mabati na simu moja ya mezani, watu wakipanga foleni kupiga Lamu, Malindi na Dubai. M-Pesa ilipoingia mwaka 2007 nikawa wakala, nikakaa nyuma ya kidirisha miaka kumi na mitatu nikiweka na kutoa pesa za watu. Ndiyo maana barua hizi huletwa kwangu. Mwezi huu nimechagua nne.

Asalaam aleikum Bi mkubwa. Nauza viazi vya karai, bajia na mbaazi jioni hapa Majengo. Mwezi uliopita mteja aliagiza kwa WhatsApp chakula cha shilingi 1,850. Akatuma pesa kwa namba yangu, meseji ikaja, nikampa mtu wa boda mfuko. Nusu saa baadaye naona meseji nyingine, pesa imerudishwa kwa aliyetuma. Nampigia, hapatikani. Kabla ya huyo, mwingine alinionyesha meseji ya M-Pesa kwenye simu yake, nikaamini, kumbe ni ya uongo. Mume wangu asema niachane na mambo ya simu nirudie pesa taslimu. Je, nimsikilize?
*Mama wa karai, Majengo*

Waaleikum salaam mwanangu, na pole sana. Shilingi 1,850 kwa mtu wa karai ni viazi, unga wa dengu, mafuta na ukwaju wa siku mbili. Najua ulilala vipi usiku huo.

Ukipokea pesa kwa namba yako ya kawaida, mtambo haujui kama umeuza kitu. Unachoona ni mtu amemtumia mwenzake, kama ndugu anavyomtumia ndugu. Na kwa kuwa watu hukosea namba kila siku, imewekwa njia ya kurudisha: aliyetuma hupeleka ile meseji kwa 456, adai amekosea, na kama pesa bado imo kwenye simu yako yaweza kurudi kwake. Siilaumu njia hiyo. Nimemwona mama akilia kidirishani kwangu kwa karo aliyoipeleka kwa mtu asiyemjua, na siku ile ile akarudishiwa. Ila wezi nao wameijua, na wanawatafuta watu kama wewe, wanaotoa chakula kwanza na kutazama simu baadaye.

Basi pesa za biashara usizipokee tena kama pesa za nyumbani. Bonyeza *334# ufungue Pochi la Biashara, au uombe till, namba ya kulipia biashara. Malipo yakishaingia kwenye Pochi, mteja hawezi kuyarudisha mpaka wewe ukubali. Namba itabaki ile ile yako, na utapata faida nyingine ambayo wanawake wengi wameniambia ndiyo iliyowasaidia zaidi: pesa ya viazi haichanganyiki na nauli ya watoto. Ukifunga karai usiku waona siku hiyo imeingiza nini.

Kuhusu meseji ya uongo, usisome kamwe meseji kwenye simu ya mteja. Soma yako. Ya kweli huja kwa jina la MPESA, si kwa namba ya mtu. Huwa na msimbo wa herufi na tarakimu kumi mwanzoni, na huandikwa salio lako jipya. Mwizi hajui salio lako, kwa hiyo hubahatisha au huliacha. Ukiwa na shaka fungua *334# utazame salio mwenyewe, naye mteja asimame hapo hapo. Anayenuna kwa kusubiri dakika moja, mwache anune.

Nakuomba uangalie saa. Mimi nililiwa shilingi 4,000 siku ya Ramadhani, magharibi imekaribia, watu wamejaa, kila mtu ataka kufika nyumbani kabla ya adhana. Kijana alinisogelea na kusema, "Bi mkubwa, nifanyie haraka, mama yangu anangoja futari." Neno hilo haraka nimelisikia kwa kila mwizi aliyewahi kunijia. Wewe ndiyo saa yako ya kuuza hiyo, kwa hiyo saa hiyo uwe na mtoto mkubwa au jirani wa kukushikia simu wakati mikono yako ina unga.

Tena uwe na daftari: saa, kiasi, msimbo, jina. Sisi mawakala tulilazimika kuandika kila muamala kitabuni, na nililalamika sana wakati ule. Mara mbili kitabu kile ndicho kilichonitetea mbele ya polisi. Meseji za kitapeli zipeleke 333.

Sasa mume wako. Msalimie, na usimbishie kwa hasira, kwani anakuonea uchungu. Mwambie tu kwamba mwanamke anayetoka Majengo saa nne usiku na noti za siku nzima kwenye leso yake ana hatari kubwa kuliko mwenye pesa kwenye Pochi yenye namba ya siri. Na wateja wako wengi hawatembei na noti tena. Ukiwafukuza wataenda kwa karai ya pili.

Shikamoo Bi mkubwa. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Mtopanga. Tangu 2019 nilikuwa nikiwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kupitia mtandao, nikalipa kodi ya nyumba na karo ya mdogo wangu. Tangu ChatGPT ije, kazi imekauka. Rafiki ataka kuniuzia akaunti ya kazi za kufundisha akili mnemba kwa shilingi 15,000. Mwingine asema twende Qatar. Nishike lipi?
*Mwandishi bila kazi, Mtopanga*

Marahaba mwanangu. Nakwambia kama ningemwambia wangu wa kumzaa.

Kulisha nyumba kwa kalamu si jambo dogo, na kwa hilo nakuheshimu. Lakini kazi ile ilikuwa na ufa kabla ya mashine yoyote kuja. Uliandika miaka, na kila ukurasa ukatiwa jina la mtu mwingine. Leo huna hata karatasi moja ya kumwonyesha mwajiri ukasema hii ni yangu. ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote Novemba 30, 2022, yule mwanafunzi wa ng'ambo hakuwa na sababu ya kukukumbuka, kwa kuwa hakuwahi kukujua. Inaniuma kuliandika hili, ila ukilikwepa utatafuta kazi nyingine ya namna hiyo hiyo.

Na akaunti ya 15,000 ndiyo hiyo. Usiinunue. Imefunguliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na siku kampuni ikitaka kuona uso wa mwenyewe, akaunti itafungwa na jasho lako libaki ndani. Kufundisha akili mnemba si uongo, ni kazi ya kweli, na Wakenya wameifanya. Januari 2023 jarida la TIME liliandika juu ya vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi machafu ya kutisha kwa ajili ya OpenAI, wenye hiyo ChatGPT, kupitia kampuni ya Sama, kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa. Ukiitaka kazi hiyo, ingia kwa jina lako, bila kulipa mtu, na uulize kwanza utasomeshwa nini na utalipwa vipi.

Sasa nikupeleke bandarini. Kaka yangu alikuwa karani wa wakala wa forodha. Zamani kazi ya vijana wengi pale ilikuwa miguu: faili kwapani, kutoka ofisi hii hadi ile, kugongesha mihuri. Mwaka 2005 mamlaka ya mapato ilileta mfumo wa kompyuta ulioitwa Simba, hati zikaanza kupita kwenye waya. Wakimbiaji walirudi nyumbani. Kaka yangu alibaki, kwa sababu alijua kilichoandikwa ndani ya zile karatasi: mzigo huu ni wa aina gani, ushuru wake ni upi, kosa liko mstari gani. Wenye mizigo walikuwa wakimwita kwa jina.

Wewe unajua kusoma maelekezo marefu ya Kiingereza na kuyafanyia kazi kabla hujapambazukiwa. Hapa mjini kuna watu wanaolia kwa kukosa hilo. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyokuwa na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, kwa kawaida haikubaliki kwenye hesabu za kodi. Kwa hiyo hoteli ya Nyali inayonunua samaki inamtaka muuza samaki wa Marikiti atoe ankara hiyo kwenye simu. Huyu bwana anajua samaki kwa kunusa tu, lakini eTIMS hajui ianzie wapi. Muuza leso wa Biashara Street ni vivyo hivyo. Kila mwaka ikikaribia Juni 30, mwisho wa kuwasilisha ritani, cyber hujaa watu wazima walioshika vitambulisho kama wagonjwa walioshika kadi.

Anza na watu watano wanaokujua. Kaa nao kwenye biashara zao, uwaonyeshe mpaka waweze wenyewe, utoze bei ambayo hata mbele ya mama yako ungeitaja. Nywila za watu usiziandike popote. Waandike wenyewe, wewe ugeuze uso. Fedha yake haitafika ile ya insha mwanzoni, na sitakudanganya kuwa itafika haraka. Hiyo ChatGPT nayo itumie, ikusaidie kuandika barua za wateja wako, lakini kila tarakimu na kila sheria uihakikishe mwenyewe, kwani hukosea kwa sauti ya mtu anayejua.

Waya wa intaneti wa chini ya bahari uliokuwa ukikuletea insha za Marekani umetia nanga hapa hapa Mombasa. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tukingoja setilaiti, ukurasa mmoja ukifunguka unamaliza kikombe cha chai. Nikipita ufuoni hulifikiria jambo hili sana: bahari yetu ndiyo mlango, na vijana wetu bado wanaomba kazi za kuficha majina.

Qatar sikukatazi. Hakikisha tu wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mkataba uusome kabla ya pasipoti kutoka mkononi mwako.

Bi mkubwa, mwanangu alikwenda Nairobi mwaka 2023, akatazamwa jicho na kile kidude cha mviringo cha Worldcoin, wale wa sarafu ya mtandaoni, akapewa pesa kidogo. Nina wasiwasi na jicho lake.
*Mama wa Likoni*

Jicho lenyewe ni zima, mama. Kilichochukuliwa ni picha ya mboni, na hiyo si kama nywila kwamba ukiibiwa utabadilisha. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikasema data ile ilikusanywa kinyume cha sheria, ikaamuru ifutwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mwanao haki ya kuuliza kama yake imefutwa. Aandike kwa ofisi ya Kamishna wa Data, kwa jina lake na tarehe aliyotazamwa. Na safari nyingine akiambiwa mwili wake ni bure, arudi kwako kwanza.

Salaam. Mimi ni mstaafu wa bandari, miaka 74, Mji wa Kale. Nimeletewa ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka namba ngeni. Ni sauti ya mjukuu wangu aliye Muscat, hata kikohozi chake. Asema amepata ajali, simu yake imevunjika, nimtumie shilingi 60,000. Nilikuwa nimeshavaa viatu kwenda kwa wakala. Kisha nikakumbuka: ameniita "babu". Mjukuu wangu haniiti babu, tangu mdogo aniita "mzee wa bandari". Nikampigia kwa namba yake ya zamani, akaipokea akiwa kazini, mzima. Ile sauti ilikuwa ya nani?
*Mzee wa Mji wa Kale*

Shikamoo mzee wangu. Ilikuwa yake, na haikuwa yake. Siku hizi kuna programu inayosikia sekunde chache za sauti ya mtu, kisha inasema kwa sauti hiyo maneno yoyote inayoandikiwa. Vijana wetu huweka video TikTok na kwenye status kila siku, kwa hiyo sauti zao ziko nje kama nguo kwenye kamba. Mwizi alipata sauti ya mjukuu wako. Alichokosa ni mazungumzo yenu ya barazani.

Ulichofanya ndicho ningekushauri. Hukujibu ile namba, ulipiga ya zamani. Waambie wa nyumbani wote wafanye hivyo, hata kama sauti inalia. Pia bonyeza *100*100# kwenye laini yako ya Safaricom, ili mtu asiweze kuibadilisha mpaka wewe mwenyewe ufike dukani na kitambulisho. Wazee waliofunga akiba zao kwenye simu huwindwa kwa njia hiyo pia.

Jina la utani mlilonalo lifanyeni neno la nyumbani. Anayeomba pesa alitaje kwanza. Lisiandikwe WhatsApp, lisisemwe kwenye video, wajukuu wengine wafundishwe kwa mdomo. Kwa sababu hiyo, mzee wangu, kabla barua yako haijachapishwa nimelitoa lile uliloniandikia nikaweka "mzee wa bandari" mahali pake. Lenyewe nimelirudisha kwako.