Re: Dragendorff imetoa rangi ya chungwa kwenye gome la mlungulungu, je nimeipata dawa?

Mkuu, bado. Dragendorff ni kitendanishi cha kupimia alkaloidi, yaani kemikali za mimea zenye nitrojeni, na mashapo yake ya chungwa yanaashiria kundi hilo tu; ni ipi, au ziko ngapi, hayasemi. Na hata hapo kuna shaka, kwa sababu Dragendorff hudanganywa na protini na baadhi ya kumarini (kundi jingine la kemikali za mimea). Umesema ulichemsha gome kwa maji ukadondoshea moja kwa moja, kwa hiyo hivyo vyote vilikuwemo.

Rudia hivi. Kwa hewa kavu ya Dodoma gome hukauka upesi, ila lianike kivulini, si juani. Twanga, chekecha, loweka gramu 50 za unga kwenye mililita 500 za ethanoli ya asilimia 70 kwa siku tatu. Chuja, kisha vukiza kwa joto lisilozidi nyuzi 45 mpaka ubaki uji mzito. Gramu 1 ya uji huo itie mililita 10 za asidi haidrokloriki ya asilimia 2, pasha juu ya maji ya moto dakika tano, acha ipoe, chuja mpaka iwe angavu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapima majimaji yenye ukungu, halafu ukungu wanausoma kuwa mashapo.

Gawa kwenye testityubu. Moja tia Mayer, kitendanishi kingine cha alkaloidi (tazamia mashapo meupe ya krimu), moja Dragendorff, moja usiitie kitu. Pembeni weka ya kwinini, alkaloidi inayojulikana, kuwa kilinganisho: kidonge kilichosagwa kwenye asidi ileile. Chai isiwe kilinganisho chako. Kafeini ni alkaloidi lakini mara nyingi haiitiki.

Ikiitika, ongeza amonia mpaka pH 9 au 10, tia klorofomu, pindua faneli ya kutenganishia taratibu huku ukitoa gesi. Ukitikisa kwa nguvu matabaka yatashikana, utasubiri mpaka kesho. Tabaka la chini likaushe, liyeyushe kwenye asidi, pima upya: protini zimebaki juu. Tabaka la maji usilimwage, maana mlungulungu una alkaloidi za kwatenari (zenye chaji ya kudumu) na baadhi hazivuki kwenda kwenye klorofomu.

Ukitaka kupima na tanini, zile kemikali kakasi za gome, ni rahisi: kloridi ya feri ikitoa weusi, thibitisha kwa jelatini, kwani fenoli nyingine nazo huitoa rangi hiyo. Maji ya kisima hapana, chuma kilichomo kinatosha kukupoteza.

Jina la kampaundi linaanza kutafutwa kwenye bamba la silika, ambalo viyeyusho hupanda vikitenganisha kemikali kuwa madoa: klorofomu na methanoli 9:1, taa ya nanomita 366, na kelerithrini au skimianini halisi (alkaloidi za mlungulungu) ikipanda sambamba na sampuli yako. Doa likilingana kwenye mchanganyiko mmoja wa viyeyusho, badilisha mchanganyiko ujaribu tena. Uthibitisho wenyewe ni NMR na spektrometa ya masi, vipimo vya muundo na uzito wa molekuli, na hapo utahitaji maabara ya chuo.

Kabla ya yote hayo, bana tawi lenye majani na matunda kwenye magazeti, mtaalamu wa mimea alitambue. Jamii ya Zanthoxylum, ambamo mlungulungu umo, ina ndugu kadhaa wenye vinundu vya miiba vilevile.

Na masalia ya Mayer yana zebaki: yaweke kwenye chupa yenye lebo, yasiingie sinki.