Maswali na majibu: mbao kwanza, rangi baadaye

Maswali yenu ya boti za mbao, kutoka maziwa ya Uganda, yamejaa tena, na kama kawaida mengi ni ya rangi. Nimeyapunguza. Wanaotaka kujua jinsi ya kuchora nembo ya timu ya mpira ya Uingereza kwenye omo (mbele) ya boti wamuulize mchoraji wa vibao vya saluni.

Nina boti ya futi 28, inaingiza maji chini. Nipake rangi gani ya kuzuia? (Kiyindi)

Swali hili nimelijibu, nikalijibu tena, na bado linakuja. Hakuna rangi hiyo. Maji huingia kwenye maungio, kwenye matundu ya misumari, au kupitia ubao uliooza, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozibwa kwa brashi. Kazi ya rangi ni kuukinga ubao mkavu na jua na mvua, basi. Ukiipaka juu ya ubao uliolowa unayafungia maji ndani, na baada ya wiki chache utaona malengelenge. Pasua moja kwa kidole uone kinachotoka.

Vuta boti nchi kavu, ilaze juu ya magogo, iache ikauke kivulini. Chukua kisu, chomachoma kando ya mkuku (uti wa mgongo wa boti) na pale mataruma (mbavu zake) yanapokutana na mbao za chini. Kisu kikizama bila kugombana nawe, ubao huo umekwisha, ubadilishe. Ukiona duara jeusi limezunguka kichwa cha msumari, msumari unaliwa na kutu. Ung'oe, utie uliochovywa zinki, mrefu wa kutosha kutokeza upande wa pili wa taruma ili ncha yake ipindwe.

Halafu hayo mabati. Najua yapo, maana siku hizi fundi akimaliza kugonga mbao anakata vipande vya bati, anavipigilia juu ya maungio kwa misumari midogo, anapaka rangi juu, anaomba hela yake. Bandua kipande kimoja leo. Chini yake utakuta unyevu mweusi, harufu ya kinamasi na ubao unaokwanguka kwa kucha. Maji yaliyokwisha kuingia nyuma ya bati hayana pa kutokea, na hapo ndipo ubao unapoozea.

Kalafati ya kweli, yaani kuziba maungio, ni hii. Safisha mfereji wa ungio mpaka uone ubao mtupu. Sokota pamba safi, ipige ndani kwa patasi butu mpaka ikae imara. Paka rangi ya msingi ndani ya mfereji, juu ya pamba na kwenye kingo za mbao, ndipo ujaze pati ya chaki ya unga na mafuta ya kitani. Ukiiruka rangi ya msingi, ubao mkavu utafyonza mafuta yote ya pati, nayo itapasuka na kudondoka. Na pamba usiipige kwa hasira. Ubao ukirudi majini unafura, na ukikosa nafasi unamsukuma jirani yake mpaka misumari inang'oka kwenye taruma. Nimeona boti nzuri ikivunjwa hivyo na fundi mwenye nguvu nyingi.

Lami ya barabara je, inafaa? (Kasensero)

Inafaa kumficha fundi mbaya.

Fundi wangu anasema misizi ni sawa na mvule kwa sababu zote ni mbao. Ni kweli? (Katosi)

Ni kweli, zote ni mbao. Hata jeneza ni mbao.

Msizi ni mwepesi, unakatika vizuri, bei yake inavutia, na ukikaa kwenye unyevu unaoza haraka. Utumie kwa viti vya kukalia na mbao za kukanyagia, vitu ambavyo ukivibadilisha hupati hasara kubwa. Chini ya mstari wa maji usiuweke.

Mvule imepanda bei sana. Nimepata za bei nafuu, muuzaji anasema zimekauka, zimekaa juani wiki mbili. Nitajuaje? (Ntoroko)

Wiki mbili! Ndugu yangu, hiyo mvule bado ni mti. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa joto letu muda unaweza kupungua, lakini haupungui mpaka wiki mbili. Na juani ndiko kubaya zaidi: uso unakauka mbio, kiini kinabaki kibichi, ubao unapasuka miisho na kujipinda. Mbao zipangwe kivulini, ziinuliwe kutoka ardhini, ziwekewe vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite.

Kama humwamini muuzaji, na usimwamini, fanya hivi. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, kwa sababu mwisho hukauka kwanza. Nenda kwa muuza samaki, mizani ipo kila mwalo (ufuko wa kushushia samaki), upime uzito na kuandika. Kiweke kipande mahali pakavu karibu na jiko, ukipime tena baada ya siku chache, na tena. Kikiendelea kupungua uzito, mbao zako bado zina maji. Kikiacha kupungua, umejua kikavu kina uzito gani, na tofauti kati yake na uzito ulioandika mwanzo ndiyo maji uliyouziwa kwa bei ya mvule.

Angalia na rangi ya ubao wenyewe. Mvule ina kiini cha kahawia chenye mafuta, na nje yake tabaka jeupe-manjano. Kiini ndicho kinachoifanya mvule iitwe mvule. Lile tabaka jeupe wadudu na uozo wanalipenda, na wapasuaji wengi sasa wanaliacha kwenye ubao ili upana usipungue. Likatwe lote. Ukisikia msumeno umelia ghafla na meno yamekuwa butu, umekutana na jiwe: mvule hutengeneza mawe meupe ndani yake, magumu kweli, na si kosa la msumeno. Vumbi lake nalo linawasha pua na ngozi, kwa hiyo mfunge pua kijana anayekupigia randa. Kabla ya rangi ya msingi, pitisha kitambaa chenye tina (kiyeyusha rangi), maana yale mafuta ya mvule huchelewesha rangi kukauka.

Dai pia kibali cha mbao. Lori lisilo na karatasi likikamatwa njiani, hasara ni yako. Na wanaoniuliza kwa nini hatupandi mvule kama tunavyopanda misonobari, wengi walijaribu. Kuna mdudu mdogo anayevimbisha majani na vichipukizi vya miche, na ukiipanda peke yake shamba zima anaimaliza. Mvule inataka ichanganywe na miti mingine, tena inataka mtu mwenye subira. Anayeukata leo anakata mti uliopandwa, au ulioachwa, na babu wa mtu.

Nina boti ya futi 24. Naweza kuiunga ifike 28 ili wasiichome? (Majanji)

Hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu naona watu wanafanya, na watakufa.

Kwa wasiovua Ziwa Victoria upande wa Uganda: boti ya uvuvi huko haitakiwi kupungua futi 28, na tangu jeshi lilipoingia kusimamia uvuvi mwaka 2017, boti fupi nyingi zimechomwa moto ufukweni. Mimi na hiyo kanuni hatupendani. Futi 28 za mbao mbichi zilizogongwa kwa misumari ya nyumba ni hatari kuliko futi 22 za fundi anayejua kazi, na kamba ya kupimia haioni tofauti. Lakini kanuni ndiyo hiyo, na kuikwepa kwa kuunga ni kubaya zaidi.

Tazama kinachotokea. Unaongeza futi 4 nyuma, lakini upana unabaki ule ule wa boti ya futi 24. Mkuku, ambao kazi yake ni kubeba boti nzima kwa kipande kimoja, sasa una kiungo. Kiungo cha mbao kinachoaminika hukatwa mshazari mrefu, angalau mara 8 ya unene, na mara 12 ni bora. Mkuku wa inchi 4 unataka mshazari wa inchi 32 hadi 48. Nani kwenye mwalo wenu anakata huo? Mnakata wima, mnapigilia vipande viwili pembeni, mnafunika kwa bati (tena bati!), halafu injini inakwenda kuning'inia kwenye hicho hicho kipande kipya. Kila wimbi linakikunja pale pale. Siku moja ziwa likichafuka alasiri, kitaachia.

Vunja boti. Naam, vunja. Mbao zake nzuri zitatoa mataruma ya boti mpya, misumari mizima utaitumia tena, na mkuku ukiwa mzima unaweza kuuzwa. Inauma, najua.

Mimi ni mtu wa Pwani nakaa Entebbe. Kwetu mashua huchomwa moto kidogo chini kisha hupakwa deheni. Huku mbona hamfanyi? (Kigungu)

Kwa sababu yule mdudu mnayemchoma hayuko huku. Anayetoboa mbao baharini anahitaji chumvi, na Ziwa Victoria halina. Deheni yenu ya shahamu na chokaa ni dawa nzuri kwa ugonjwa tusio nao. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali kuuziwa ile rangi ghali ya shaba ya kuzuia chaza wasishike. Chaza wa baharini hawapo ziwani. Kinachoshika huku ni utelezi wa kijani, unasuguliwa kwa brashi, na shaba si kitu cha kuwamwagia samaki unaowala.

Adui yetu anatoka juu. Maji ya mvua yakilala ndani ya boti yanaozesha kuliko ziwa lenyewe, na nyinyi wa Pwani mna bahati kwamba chumvi huuhifadhi ubao. Huku boti iliyoegeshwa mwezi mzima ikiwa na maji ya mvua tumboni inaoza kuanzia ndani, mwenyewe akiwa anasifia rangi ya nje. Toboa tundu kwenye mbao za chini, liwekee kizibo, na kila unapoivuta nchi kavu litoe. Ndani paka mafuta ya kitani badala ya rangi nzito, ubao upumue.

Nimepaka rangi jioni, asubuhi nimekuta imejaa sami, wale wadudu wadogo wa ziwani. Nifanye nini? (Ggaba)

Acha ikauke, sugua kwa msasa, paka upya. Safari nyingine tazama mwezi: sami hutoka kwa wingi siku chache baada ya mwezi kuandama, na hufuata taa, kwa hiyo usipake jioni chini ya balbu. Anza asubuhi umande ukishakauka, maliza kabla jua halijakaa utosini, maana rangi ikipikwa na jua inafanya mapovu.

Hukuuliza, lakini nakuambia. Rangi kuukuu usiikwangue kavu ukiwa na watoto pembeni. Rangi nyingi za zamani, hasa zile nyekundu za msingi, zina risasi, na vumbi lake huharibu akili za watoto. Isugue kwa msasa wa maji, vaa kitambaa puani, kusanya takataka zake. Na nyeusi kwenye ubavu wa boti msiipake. Inapata joto, mbao zinasinyaa, maungio yanafunguka. Nyeupe na manjano hazikupendwa na wazee kwa urembo tu.

Ni kweli zamani boti za visiwa vya Ssese zilishonwa, hazikupigwa misumari? Mwalimu anabisha. (Mwanafunzi, Masaka)

Ni kweli, mwambie mwalimu kwa adabu. Mkuku ulichongwa kwa gogo moja na kuchomoza mbele, mbao zikachongwa kwa tezo, zikatobolewa kingoni, zikashonwa kwa nyuzi za mimea, kisha chombo kikapakwa udongo mwekundu. Ndizo zilizobeba jeshi la Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, alipowaendea Wavuma wa visiwa vya Buvuma mwaka 1875, na msafiri Stanley alikuwepo akiandika. Pwani nao walikuwa na mtepe, ulioshonwa kwa kamba za makumbi. Mshono unakubali kujikunja na wimbi pale ambapo msumari unapasua. Lakini msizitamani mno: nyuzi zinaoza, zinataka kukazwa na kubadilishwa, na mkumba maji, anayeyatoa chomboni, hakukosa kazi safari nzima.

Ufundi ule uliumia sana ugonjwa wa malale ulipoingia na serikali ya wakoloni ikawahamisha watu wa visiwa hivyo mwaka 1909. Watu waliporudi, misumari ilikuwa imewatangulia.

Boti yangu ina injini ya nguvu za farasi 15, nataka kuweka ya 40 nibebe abiria zaidi. (Panyimur)

Hapana. Ubao wa nyuma uliofungiwa injini ya 15 haukujengwa kushika ya 40, na nguvu ya injini haiongezi nafasi ya mtu hata mmoja. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono ikiwa imezidisha watu, zaidi ya 30 wakafa. Jaketi moja kwa kila kichwa, limevaliwa, si limekaliwa.

Boti mpya ya mvule ni shilingi ngapi? (Wengi)

Andikeni tena mkitaja urefu, upana, unene wa ubao, ziwa gani, itabeba nini, na mbao mtaleta wenyewe au atatafuta fundi. Anayewapa bei bila kuuliza hayo, msimwachie hata shilingi ya kutangulia.